Kisa cha Amani: darasa la sita, shule ya chata na sikio moja

Kabla ya kisa chenyewe

Majina yote humu ni ya kubuni, na mji sitautaja wala shule yoyote. Vitu vichache vidogo nimevibadilisha ili familia isitambulike. Jimbo nimeliacha lilivyo, Michigan, kwa kuwa Marekani kila jimbo lina sheria zake za shule na mambo ya humu hayaeleweki bila kulijua. Wazazi wameridhia kisa kiandikwe. Mimi kazi yangu ni kukaa kati ya wazazi wanaosema Kiswahili na ofisi za shule: kukalimani, kusoma nao barua, kuingia nao vikaoni. Swali ninaloulizwa kuliko yote, hasa kuanzia Januari watu wanapoanza kujaza fomu, ni hili: "Hii shule ya chata ni nzuri?" Chata ni shule ya umma isiyoendeshwa na wilaya; nitaieleza zaidi mbele. Kisa cha Amani kinaonyesha kwa nini swali hilo halinitoshi kumjibu mzazi.

Familia na mtoto

Baba na mama ni Wakongo wa Kivu Kusini. Waliishi miaka mingi Nyarugusu, kambi iliyoko Kasulu mkoani Kigoma, na Amani alizaliwa huko. Kambini alianza shule kwa mtaala wa Kongo, kwa Kifaransa, kisha akaletwa Michigan akiwa na miaka minane na kuwekwa darasa la tatu. Hapa mtoto huwekwa darasa kufuatana na umri, si kufuatana na alichosoma. Kisa kinaanza akiwa darasa la tano, umri miaka kumi na mmoja, anakaribia kuingia shule ya kati, yaani darasa la sita hadi la nane.

Hesabu anaziweza sana. Mwalimu wake wa darasa la tano alikuwa akimpa kazi za darasa lililo juu yake. Kiingereza cha kuongea kilikuwa kimeshashika, cha kusoma na kuandika bado kilimsumbua. Kwenye mtihani wa WIDA, ambao Michigan hutumia kupima Kiingereza cha watoto wenye lugha nyingine nyumbani na ambao ngazi zake ni moja hadi sita, alikuwa na 3.1. Mtoto wa ngazi hiyo anaweza kukusimulia mechi yote ya mpira, lakini ukimpa ukurasa wa kitabu cha sayansi anaupita bila kuelewa nusu yake. Walimu wengi hudanganywa na ule usimulizi wa mpira.

Tena sikio lake la kushoto halisikii vizuri. Aliugua masikio mara kwa mara utotoni na hakupata matibabu ya kutosha. Kwa hiyo alikuwa na IEP, mpango wa elimu maalumu ambao sheria ya shirikisho humpa kila mtoto mwenye ulemavu unaogusa masomo yake. Mpango wa Amani ulisema akae mbele, sikio la kulia likiwa upande wa mwalimu. Mwalimu avae maikrofoni ndogo inayopeleka sauti kwenye spika iliyo mezani kwa mtoto. Na mtaalamu wa usikivu wa kaunti amtembelee mara kwa mara.

Kuna jambo jingine ambalo halikuandikwa kwenye faili lolote la shule. Amani ndiye mkubwa, na ana wadogo zake wawili wa kike. Mama hufanya usafi hotelini mchana, baba yuko kiwandani zamu ya jioni. Basi la njano la wadogo zake hufika saa tisa na dakika arobaini, na anayewapokea kituoni ni Amani.

Shule zilizokuwepo

Ya kwanza ilikuwa shule ya kati ya wilaya yao (wilaya hapa ni eneo la shule za umma lenye bodi yake), kubwa, yenye basi, yenye walimu kadhaa wa Kiingereza kwa wageni, na yenye sifa mbaya ya ugomvi. Ya pili ilikuwa shule ya wilaya ya jirani. Michigan imeruhusu watoto kuvuka wilaya tangu 1996, lakini anayevuka hujisafirisha, na kwa familia yenye gari moja na zamu mbili mjadala uliishia hapo. Ya tatu ndiyo chata.

Inafaa nieleze chata ni nini, kwa maana nusu ya wazazi ninaokutana nao wanaamini ni shule ya kulipia na nusu nyingine wanaamini ni ya kanisa. Si moja wala nyingine. Ni shule ya umma, haina ada, hulipwa na fedha za serikali kwa kichwa cha kila mwanafunzi, ila haiendeshwi na wilaya. Huendeshwa na bodi yake kwa mkataba unaotolewa na mamlaka fulani. Hapa Michigan mara nyingi mamlaka hiyo ni chuo kikuu cha umma, na mkataba unaweza kufutwa au kukataliwa kuhuishwa. Minnesota ilitunga sheria ya kwanza ya namna hii mwaka 1991, Michigan ikafuata 1993. Bodi nyingi za hapa hukodi kampuni ya kuendesha shule siku kwa siku, na kampuni nyingi kati ya hizo ni za faida. Mzazi huonana na watu wa kampuni, bodi hakutani nayo. Hilo lina uzito, na nitalirudia.

Shule ya chata hairuhusiwi kuchagua watoto kwa mtihani wala kwa akili. Waombaji wakizidi nafasi, hupigwa bahati nasibu, na mwenye ndugu shuleni anaweza kupewa kipaumbele. Na sheria za haki za raia na za watoto wenye ulemavu zinaibana kama zinavyoibana shule ya wilaya. Basi la shule, hata hivyo, haidaiwi kisheria kuwa nalo. Hii ya kwetu ilikuwa na basi linalochukua watoto kwenye vituo vichache mjini, si mlangoni.

Jinsi uamuzi ulivyofikiwa

Habari zilitoka kanisani. Binti wa familia moja ya waumini wenzao alikuwa darasa la saba kwenye shule hiyo, anafanya vizuri, sare yake imepigwa pasi, anasalimia wakubwa. Wakati huohuo video ya watoto wakipigana kwenye shule ya wilaya ilikuwa inazunguka kwenye simu za watu. Baba aliniambia baadaye: "Mwanangu akipigwa kule, nani atamtetea? Kiingereza chenyewe hatukijui." Nisingependa mtu alichukulie neno hilo kama woga wa mgeni. Baba aliyeilea familia kambini anajua usalama ni nini, na alikuwa na haki ya kuuweka mbele.

Waliomba mapema mwaka ule. Bahati nasibu haikuwapa nafasi, wakaingia orodha ya kusubiri. Katikati ya kiangazi simu ikaja: nafasi imepatikana, mjibu ndani ya siku mbili. Wakajibu siku ileile.

Kabla ya hapo walikuwa wamekwenda mara moja kwenye jioni ya wazazi. Waliona ukumbi, bendera za vyuo vikuu ukutani, watoto wa kwaya. Darasa linalofundishwa hawakuliona kwa sababu usiku hakuna darasa. Swali lao lilikuwa moja, kama kuna ugomvi, na jibu lilikuwa kwamba shule ina nidhamu kali. Wakaridhika.

Kisha kikafuata kipengele ambacho nadhani ndicho kilichoigharimu familia kuliko chote. Fomu ya kujiandikisha ilikuwa mtandaoni, kwa Kiingereza, na aliyeijaza ni binamu wa Amani aliyeko chuo. Alipofika mahali pa kuuliza kama mtoto ana IEP, walijadiliana, wakaliacha wazi. Waliogopa shule ikijua habari ya sikio ingeitoa nafasi kwa mtoto mwingine. Hofu hiyo ninaikuta nyumba baada ya nyumba. Haina msingi wa kisheria: mtoto aliyekwisha kupata nafasi hawezi kunyang'anywa kwa sababu ya ulemavu, na akihama ndani ya jimbo akiwa na IEP, shule mpya inatakiwa impe huduma zinazolingana na zile za kwanza mara moja, mpaka ikubali mpango wa zamani au iandike mpya. Ila shule haiwezi kutoa kisichoonekana kwenye karatasi zake, na mafaili kutoka shule ya zamani hayakufika hadi Septemba inaelekea ukingoni.

Agosti hadi Oktoba

Shule ilikuwa ya aina ile ya Marekani inayojengwa juu ya utaratibu mkali. Watoto hutembea mistari kimya, hukaa wima, na mwalimu anapoongea kila mtu humkazia macho. Asiyemtazama msemaji hupewa alama ya kasoro. Alama zikifika idadi fulani kwa wiki, mtoto hubakishwa shuleni saa moja baada ya masomo.

Sasa mfikirie Amani kwenye dawati la nyuma, hana maikrofoni. Ili asikie, anageuza uso dirishani na kumwelekezea mwalimu sikio la kulia. Kwa mwalimu asiyejua, huyo ni mtoto anayetazama nje wakati wa somo. Alama. Akiitwa na kuulizwa, anainamisha macho, kwa kuwa nyumbani kwao mtoto akikaripiwa na mkubwa hamtolei macho. Alama nyingine. Kufikia wiki ya tatu alikuwa anabakishwa karibu kila wiki.

Kubakishwa maana yake kukosa basi. Siku ya shule hata bila adhabu ilikuwa inaisha saa kumi jioni, kwa hiyo tangu siku ya kwanza hakukuwa na wa kuwapokea wadogo zake. Mama alikuwa ameomba kutoka kazini mapema, akapunguziwa saa, na mshahara ukapungua. Adhabu zilipoanza, ikabidi pia atafute mtu wa kumfuata Amani. Hesabu hiyo hakuna aliyeipiga mwezi wa saba, wakati ratiba ya shule ilikuwa imebandikwa wazi kwenye tovuti yao.

Katikati ya yote hayo palikuwa na mwalimu wa hesabu. Alimpima Amani wiki ya kwanza, akampandisha kundi la juu, na kufikia Oktoba mtoto alikuwa anacheza na milinganyo. Darasa hilo lilikuwa dogo, na mwalimu alikuwa na desturi ya kuzunguka na kusimama karibu na kila meza. Amani alisikia. Kwenye hesabu hakupata hata alama moja ya kasoro, na ilipasa mtu shuleni ajiulize kwa nini mtoto mmoja ni mtukutu saa tatu na mwema saa nne.

Mama alinipigia simu mwanzoni mwa Oktoba. Alikuwa na bahasha nzima ya barua, zote za Kiingereza, na mojawapo ilikuwa makubaliano ya nidhamu yenye saini yake. Alitia saini kwa sababu Amani ndiye aliyemtafsiria, na Amani, kwa aibu, alisema ni ruhusa ya safari.

Kikao

Tuliandika barua fupi yenye maombi matatu: nakala ya faili la mtoto, kikao cha IEP, na mkalimani. La mkalimani si fadhila. Kanuni za shirikisho kuhusu elimu maalumu zinaitaka shule ihakikishe mzazi anaelewa yanayosemwa kikaoni, pamoja na kumleta mkalimani ikiwa lugha yake si Kiingereza. Mtoto hatakiwi kuwa mkalimani wa kesi yake mwenyewe, na barua ile ya "safari" ni ushahidi tosha.

Kikao kilifanyika, mkalimani akiwa kwenye simu. Mafaili ya zamani yalikuwa yamefika lakini yalikuwa hayajapita kwenye mikono ya walimu. Msimamizi wa nidhamu, kijana mwenye adabu ambaye nilikuwa nimejiandaa kugombana naye, aliisoma IEP palepale mezani, akauliza, "Kwa hiyo alikuwa anageuka ili anisikie?" Alama zote za kutomtazama msemaji zikafutwa. Ikaandikwa kwamba Amani anaruhusiwa kugeuza uso na kwamba asihukumiwe kwa macho yake. Akahamishiwa mbele. Maikrofoni ilipatikana Novemba kupitia kaunti.

Upande wa Kiingereza hatukutoka na kitu cha maana. Shule ilikuwa na mwalimu mmoja wa wageni, anayegawana siku na shule nyingine ya kampuni ileile. Siku ambazo hakuwepo, Amani na wenzake walikaa mbele ya kompyuta na programu ya mazoezi. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishasema mwaka 1974, katika kesi ya Lau na Nichols iliyohusu watoto Wachina wa San Francisco, kwamba kumpa mtoto asiyejua Kiingereza vitabu na walimu sawa na wengine si kumtendea sawa. Shule inayopokea fedha za shirikisho lazima ifanye jambo la kumsaidia. Ugumu ni kwamba programu ya kompyuta nayo ni "jambo". Tuliahidiwa msaidizi, naye alikuja machipuo, kwa saa chache.

Uamuzi wa pili

Januari wazazi walikaa chini upya. Walikuwa na haki ya kumrudisha Amani shule ya wilaya yao siku yoyote. Wilaya ya makazi haiwezi kumkataa mtoto wake, na wazazi wengi hawalijui hilo, wakifikiri ukiondoka umefunga mlango. Baba alitaka ahamishwe mara moja. Mama alisita. Maikrofoni ilikuwa imeanza kufanya kazi, walimu walikuwa wamemjua mtoto, na kuhama katikati ya mwaka kungemaanisha kuanza upya mbio za mafaili. Amani mwenyewe hakutaka kabisa kuondoka kwa sababu ya mwalimu wa hesabu.

Waliamua amalize mwaka, kisha darasa la saba aende shule ya wilaya. Safari hii waliamua kwa kutazama. Mama aliomba kuingia shule ya wilaya asubuhi ya siku ya kawaida, akakaa dakika ishirini kwenye darasa la Kiingereza kwa wageni, akakuta walimu wawili, na mmoja wao anafundisha kila siku. Akauliza IEP itamfikia nani na lini, akapewa jina la mtu. Akauliza habari ya ugomvi, akaambiwa ukweli: upo, mara nyingi wakati wa chakula cha mchana, na wameongeza watu wazima ukumbini. Jibu hilo lilimtuliza kuliko lile la "nidhamu kali", na mimi pia.

Matokeo

Mwisho wa darasa la sita Amani alifikia kiwango cha jimbo kwenye M-STEP, mtihani wa jimbo, upande wa hesabu. Kwenye Kiingereza hakufikia. WIDA yake ilipanda kutoka 3.1 hadi 3.3 tu. Mwaka uliofuata, shule ya wilaya, ikafika 3.9. Mtoto mmoja hathibitishi kitu kuhusu shule mbili, na sehemu ya kupanda huko huenda ni umri na maikrofoni iliyokuwepo tangu siku ya kwanza.

Upande wa hesabu alirudi nyuma. Shule ya wilaya ilimweka kundi la kawaida kwa kuwa fomu ya uhamisho haikuonyesha alikuwa kundi gani. Ilichukua barua mbili na nusu ya mwaka kumpandisha, na katika muda huo alichoka, akaanza kusema hesabu hazina maana. Wazazi hawajapigiwa simu hata mara moja kuhusu ugomvi. Mama amerudishiwa saa zake kazini, na watoto wa kike wanapokelewa kituoni.

Uchambuzi

Sitaki kisa hiki kisomwe kama mashtaka dhidi ya shule za chata. Binti yule wa kanisani amemaliza darasa la nane palepale na kila mwalimu wake anamsifu. Lakini alikuwa amezaliwa Marekani, masikio yake mazima, na bibi yake yuko nyumbani mchana kutwa. Wazazi wa Amani walipewa ushuhuda wa kweli kuhusu mtoto asiyefanana na wao.

Takwimu za kitaifa zina kasoro hiyohiyo. Watafiti wa CREDO, Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa mwaka 2009 ripoti iliyoonyesha kwamba kwenye hesabu asilimia 17 ya shule za chata walizochunguza zilikuwa bora kuliko shule za kawaida zinazolingana nazo, asilimia 37 zilikuwa mbaya zaidi, na nyingine hazikutofautiana. Ripoti yao ya 2023 ikawa na sura nyingine: kwa wastani mwanafunzi wa chata alipata faida inayolingana na siku 16 za masomo kwenye kusoma na siku 6 kwenye hesabu kwa mwaka. Wote wanaobishana kuhusu chata hubeba moja ya ripoti hizo mfukoni. Kwa mzazi hazina kazi kubwa, kwa sababu ndani ya wastani ule mna shule nzuri mno na shule za kukimbia, na mtoto wako haendi kusoma kwenye wastani.

Kinachosaidia zaidi ni takwimu za shule yenyewe, nazo ziko wazi kwenye tovuti ya jimbo iitwayo MI School Data. Wengi hutazama asilimia ya waliofaulu na kufunga. Mimi huanza na idadi ya wanafunzi kwa darasa. Chukua darasa la sita la mwaka fulani, litafute kundi hilohilo likiwa darasa la nane miaka miwili baadaye. Kwenye shule hii kundi lilikuwa linapungua karibu theluthi. Huenda familia zilihama mji, huenda watoto walichoshwa na adhabu. Takwimu haisemi sababu, lakini inakupa swali la kumuuliza mkuu wa shule, na namna atakavyolijibu ni habari tosha. Shule ya wilaya nayo watoto huondoka, ila wengine huingia katikati, kwa hiyo ulinganisho unahitaji tahadhari.

Kushindwa kwa shule kulikuwa pale mapokezini. Mtoto anayetoka shule ya umma ndani ya jimbo lilelile ana faili. Kuliomba ni kazi ya siku moja, na kumuuliza mzazi kwa lugha yake ni kazi ya simu moja ya mkalimani. Badala yake shule iliitegemea fomu ya mtandaoni kwa Kiingereza. Ninaongeza jambo moja bila kumtuhumu mtu: hapa Michigan fedha za wanafunzi huhesabiwa zaidi kwa watoto waliopo Jumatano ya kwanza ya Oktoba, asilimia 90 kwa hesabu hiyo na 10 kwa ile ya Februari. Kabla ya Jumatano ile, kila shule, ya chata na ya wilaya, husikiliza wazazi kwa makini zaidi. Mwenye ombi la kikao asingoje ipite.

Kushindwa kwa familia kulikuwa kuficha IEP, na ninakuita kushindwa huku nikijua hofu iliyokuwa nyuma yake. Karatasi ile ndiyo silaha pekee waliyokuwa nayo. Bila hiyo Amani alikuwa mtoto mkaidi. Ilipowekwa mezani akawa mtoto mwenye haki, na ilichukua muda wa kikao kimoja. Ningependa kila mzazi aichukue IEP kwa mkono siku ya kuandikisha, aikabidhi kwa mtu mwenye jina, na abaki na nakala yenye tarehe.

Kuna pia jambo la nidhamu, na hapa natofautiana na wazazi wengi wa kwetu. Wengi wanapenda shule kali kwa sababu inafanana na shule walizosoma wao: sare, mistari, kimya. Ila ukali wa shule hizi una mfumo wa alama na kompyuta. Mwalimu wa Uvira au wa Kigoma alikuwa mkali lakini alijua wewe ni mtoto wa nani, na angeweza kukusamehe kwa sababu hiyo. Mfumo wa alama haujui. Sheria ya Michigan inayotumika tangu Agosti 2017 inaitaka shule, kabla ya kumsimamisha au kumfukuza mtoto, ipime mambo kadhaa, ukiwemo ulemavu wake na kama adhabu ndogo ingetosha. Kubakishwa baada ya masomo hakuguswi na sheria hiyo, na ndiko kulikoivuruga nyumba ya Amani. Kitabu cha nidhamu kinapatikana kabla ya kuandikisha. Kinachosha kusoma, lakini sijaona karatasi nyingine ya shule inayotabiri maisha ya mtoto kama hiyo.

Kama kikao kisingezaa matunda, njia ya malalamiko ilikuwepo, na hapa ndipo narudi kwenye bodi. Mkuu wa shule ni mwajiriwa wa kampuni, na wazazi hudhani juu yake hakuna mtu. Juu yake kuna bodi ambayo vikao vyake kwa sheria viko wazi kwa umma; mzazi anaweza kwenda na kusema. Juu ya bodi kuna chuo kilichotoa mkataba, chenye ofisi inayosimamia shule zake. Kwa mambo ya IEP kuna Idara ya Elimu ya Michigan, inayopokea malalamiko ya maandishi. Kwenye shule ya wilaya bodi huchaguliwa kwa kura; kwenye chata wajumbe huteuliwa, na kwa hiyo mzazi asiyejua chuo kilichotoa mkataba amekosa nusu ya ngazi.

Uamuzi wa kumaliza mwaka ninauona ulikuwa sahihi, ingawa baba bado anabisha. Uamuzi wa kuhama nao ulikuwa sahihi kwa Kiingereza na kwa nyumba, na ulikuwa na hasara upande wa hesabu, hasara ambayo ingepungua kama tungeomba barua ya mwalimu wa hesabu kabla ya Juni. Sasa huwa naiomba kwa kila mtoto anayehama.

Mdogo wake Amani anayemfuata yuko darasa la tano mwaka huu. Anasikia vizuri, anasoma Kiingereza kuliko kaka yake, na hapendi kelele. Wazazi wamemwombea nafasi shule ileile ya chata. Mama amekwishakwenda kukaa darasani asubuhi, ameuliza basi linasimama wapi, na amepewa namba ya mama mwingine Mkongo mwenye mtoto darasa la sita. Baba anasubiri ratiba mpya ya kiwanda kabla ya kusema ndiyo.